Gari, Kitanda na Pipa

Mwanangu Zaina,

Salamu nilikupa asubuhi ulipokuja kuchukua kinu, na kesho alfajiri nitakupa nyingine, kwa hiyo za leo niachie mwenyewe. Ninaandika huku wewe uko kwa mkweo mnaagwa. Vigelegele vyenu vinafika mpaka hapa. Nimekaa barazani, jua la alasiri liko mgongoni mwangu, na gari lenu liko uani limeshapakiwa. Juu yake, miguu hewani kama mbuzi anayesubiri kisu, kipo kitanda changu cha besera, kile cha nguzo na nakshi, nilichokupa siku ya harusi yako.

Sitakuandikia habari za kupika wala za kukaa na mume. Hayo umeyasikia mpaka masikio yameota sugu, na mengine kungwi wako amekueleza kwa maneno ambayo mimi siwezi kuyatia karatasini. Nataka kujibu swali lako moja. Tangu Salumu alete gari hili la ng'ombe, ambalo wewe mwenyewe ulimbishia mpaka akalinunua, umekuwa ukiniuliza, "Mama, gari linatufaa watu kama sisi, au ni mambo ya Wadachi?" Nami nimekuwa nikikujibu, "Mungu ndiye ajuaye." Ukadhani mama yako amezidisha ucha Mungu uzeeni. Wapi! Nilikuwa namsingizia Mungu, kwa kuwa jibu ninalo na linanichoma.

Mwandiko wangu utauvumilia. Babu yako alinifundisha herufi hizi kwa fimbo, na wewe nikakufundisha kwa fimbo ile ile, kwa hiyo utanisoma.

Juzi mlipokuwa mnatafuta mtu wa kuongoza ng'ombe mpaka Dodoma, mzee wa nyumba ya pili alimwambia Salumu amchukue yule Mgogo anayekaa njia ya Chunyo, kwamba hakuna anayejua kuvusha ng'ombe kuliko yeye. Wewe ukapiga kelele kutoka jikoni, "Pipa? Pipa huyu huyu? Si atatusahaulia hata ng'ombe wenyewe!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Salumu akaona haya, akamchukua yule kijana wa Bagamoyo ambaye ng'ombe amewaona zaidi kwenye sahani kuliko kwenye nira.

Na mimi nilicheka, Zaina. Nilikuwa napepeta mtama, nikacheka pamoja nanyi. Kisha ungo ukanitoka mkononi, nawe ukaniambia, "Mama, pumzika, umechoka." Sikuwa nimechoka.

Nikurudishe nyuma, ulipokuwa unanyonya.

Mimi na marehemu baba yako tulikuwa na punda wa kurithi kwa babu yako. Punda wale walikuwa wakaidi, wanapiga kelele usiku na kula nguo zilizoanikwa, lakini walitulisha. Tulikuwa tunachukua chumvi na vitambaa kutoka hapa Mpwapwa mpaka Ugogo, tunarudi na mtama na samli. Punda haombi mengi. Ukimpa miiba anashukuru, na maji akiyakosa leo anasubiri kesho, ingawa atakutukana kwa macho.

Basi akatokea Mdachi mmoja amefika na gari lake la magurudumu manne. Ng'ombe wake walikuwa wamekufa mmoja mmoja njiani kwa mbung'o, gari likasimama hapa chini ya boma, hana wa kulivuta. Alikuwa amechoka na nchi hii na nchi hii imechoka naye. Akaliuza kwa bei ya kutupa.

Ee, mwanangu, ile bei! Mpaka leo nikiikumbuka naona ilivyonidanganya. Nilikwenda kuliangalia gari asubuhi, nikaenda tena jioni. Nililipapasa. Nilimwambia baba yako, "Gari hili linabeba mzigo wa msafara mzima, na halidai posho." Baba yako alikuwa mtu wa maneno machache. Alilizunguka, akagonga gurudumu kwa kidole, akasema, "Halidai posho, lakini lina tumbo." Nikamwuliza tumbo gani. Akasema, "Sijui. Ndiyo maana naogopa."

Nikamkalia kooni. Unajua ninavyoweza kumkalia mtu kooni, umerithi. Nilimwambia wenzake wataendelea yeye atabaki kufuata mikia ya punda. Nilimwambia shemeji zangu kule Dodoma wananiona mimi mwanamke wa vumbi, nataka siku moja nifike kwao nimekaa juu, wanitazame kwa kuinua shingo. Hilo la mwisho ndilo lilikuwa kweli, na nililisema kwa utani ili asilione. Akakubali. Punda wa babu yako tukawauza ili tupate gari, na mimi sikuwaaga hata kwa kuwapiga kofi mgongoni.

Sasa gari tunalo, wa kulivuta yuko wapi? Ilikuwa baada ya sotoka, ile tauni iliyomaliza ng'ombe. Nyinyi mlipopata akili mlikuta ng'ombe wamerudi, hamwezi kujua. Ilikuwa unatembea Ugogo unaona mazizi matupu na wazee wamekaa malangoni wakitazama zizi kama mtu anayetazama kaburi. Aliyebakiwa na ng'ombe alikuwa tajiri, na hakuna mwenye akili aliyekubali kumfunga ng'ombe wake kwenye kitu cha Mdachi.

Isipokuwa mmoja. Alikuwa kijana mrefu, masikio yametobolewa, mcheshi, anapenda pombe ya mtama na anapenda zaidi kusifia ng'ombe wake. Alibakiwa na maksai wa baba yake, akiwaita kila mmoja kwa jina na kila mmoja akiitika. Alikuwa ameshaposa binti wa watu wa Kikombo. Wale maksai ndio wangebadilishwa kwa mitamba ya mahari, na bado palikuwa na upungufu kidogo. Baba yako akamwambia, "Tuvutie gari safari moja, sehemu ya faida ni yako, utamaliza mahari." Akakubali akicheka. Alisema gari ni zizi linalotembea, ng'ombe hawatashangaa.

Ndiye huyo mnayemwita Pipa. Nitafika.

Tulijifunza tumbo la gari likoje. Magurudumu yale yalikuwa ya mbao yaliyovikwa ukanda wa chuma, na hewa yetu hii ya Mpwapwa inakausha hata mate mdomoni. Mbao zikakauka, zikasinyaa, ukanda ukalegea. Ikawa kila jioni lazima magurudumu yamwagiwe maji yavimbe. Gari linakunywa maji, unasikia? Mhimili unataka shahamu. Kikivunjika kitu, fundi ni mmoja tu, yuko bomani, na Mwafrika anasubiri mpaka Mdachi amalize yake. Ng'ombe nao wanataka majani na maji kila siku, hawataki kusikia habari ya kesho. Yule kijana ndiye aliyetuambia, "Hapa mpaka Chunyo sawa. Lakini Marenga Mkali bila pipa la maji, mimi siendi." Akatafuta pipa zuri, akalikaza pete zake, akalijaza, akalifunga nyuma ya gari.

Marenga Mkali utaiona kesho kutwa, nyika isiyo na tone baina ya Chunyo na vijiji vya kwanza vya Ugogo. Watu wa misafara waliivuka kwa kutirikeza, yaani unaondoka mchana, unalala porini bila maji, kesho yake asubuhi unafika kwenye visima. Sisi tuliozaliwa njiani tulijiona mabingwa. Mimi nilishavuka na kibuyu kimoja na mzigo kichwani, nikijigamba.

Baba yako alitangulia Chunyo na wapagazi kununua chumvi. Nyumbani tukabaki mimi, wewe mgongoni, na yule kijana. Asubuhi ya kuondoka nikatoa kitanda changu cha besera. Nilikuwa nimekinunua kwa Banyani mmoja kwa siri, nikakificha kwa jirani, nataka kifike Dodoma kikiwa juu ya gari, nakshi zake zionekane, shemeji zangu wafe kwa kijicho. Kikapandishwa. Hakikuenea. Miguu iligonga pipa.

Nikasema, "Lishushe pipa."

Alidhani namtania. "Bibi, kitanda hakinyweki."

"Maji yapo kwenye vibuyu. Sisi tunavuka Marenga kila siku."

"Nyinyi mnavuka," akasema. "Hawa hawajavuka. Hawa si watu, huwezi kuwaambia wavumilie."

"Gari la nani?"

Akaangalia chini. "Lenu."

"Basi."

Aliyamwaga maji taratibu kwenye mizizi ya mpapai wangu ili yasipotee bure, akalibeba pipa akaliegemeza ukutani mwa jikoni. Akalipigapiga kwa kiganja mara kadhaa, kama anavyofanya kwa ng'ombe, akarudi kufunga kitanda. Hakusema tena. Hiyo ndiyo adabu yake iliyomponza, kwamba gari lilikuwa letu.

Chunyo baba yako alipoona kitanda alicheka mpaka akakaa chini. Nyuma ya gari nilikuwa nimetandika mkeka, hakuona kilichopo na kisichopo. Akauliza, "Maji yapo?" Nikamjibu, "Yapo." Mwenye ng'ombe akaniangalia. Nikajifanya nakunyonyesha.

Maji ya Chunyo yana chumvi. Ng'ombe wanayapenda sana, wanakunywa mpaka wanavimba, kisha kiu yake inawarudia maradufu. Tulipoingia Marenga tu, gari likaanza kuzama mchangani. Ukanda wa gurudumu moja ukatoka. Mahali ambapo mguu wa mtu unavuka kwa tirikeza moja, sisi jua la siku ya pili lilitukuta bado katikati. Ng'ombe wakaanza kulala kwenye nira. Akimwinua mmoja, mwingine analala. Alikuwa anawaita kwa majina, na mwanzo walikuwa wanaitika.

Baba yako akaamua tuwahi mbele na wapagazi, tufike kwenye maji, turudishe watu. Vibuyu vilikuwa vimekauka. Wewe ulikuwa unalia bila machozi, na mimi ziwa limekauka, nakutia mdomoni unalisukuma. Yule kijana akatoa kibuyu chake. Kilikuwa na maji kidogo tu, alikuwa anakitunza. Akanipa mimi. Akasema, "Kunywa wewe, mtoto atapata."

Nilikunywa yote, Zaina. Sikumwachia hata la kulowesha ulimi. Maji yale yalipita kwangu yakawa maziwa yako, ukanyamaza, ukalala. Yeye akabaki na ng'ombe wake.

Watu waliporudi na maji walimkuta kivulini mwa gari, amekishika kichwa cha maksai wa mwisho mapajani, anamwimbia. Midomo imepasuka, sauti haitoki, lakini alikuwa anaimba. Maksai yule alikuwa ameshakufa.

Na mimi nilikuwapo. Nililazimisha kurudi na wale watu. Ningependa kukuambia nilirudi kwa ajili yake, lakini niliogopea kitanda.

Baba yako akazunguka gari, akafunua mkeka. Akauliza, "Pipa liko wapi?"

Ndipo nikasema neno ambalo limekaa na mimi mpaka leo. Nikasema, "Kalisahau."

Sikusema nani. Sikutaja jina. Nilisema tu "kalisahau," macho nikayapeleka kwake. Lugha yetu inaruhusu ubaya wa namna hiyo, mwanangu, kumshitaki mtu kwa silabi moja na mikono yako ikabaki safi. Yeye alijaribu kusema, sauti haikutoka. Alinyoosha kidole kuelekea kwangu, na watu wakadhani anaomba maji, wakampa maji.

Alipopona alikwenda kwa akida kudai ng'ombe wake. Alisema wazi, "Bibi ndiye aliyeniamuru nilishushe." Nikaitwa. Nilijifunika kanga mpaka puani. Akida akaniuliza, nami nikajibu kwa sauti ya mwanamwali, "Mimi mwanamke, bwana, najua nini mambo ya magari?"

Mimi! Mimi niliyelipapasa gari asubuhi na jioni! Mimi niliyemkalia mtu kooni mpaka akauza punda! Akida akacheka, wazee wakacheka, shauri likaisha. Wakasema mchunga ndiye mwenye dhamana ya maji, na Mgogo asiwasingizie wake za watu. Pipa lilikuwa pale pale ukutani mwa jikoni, watu wakaja kulitazama kama ushahidi wa usahaulifu wake. Kabla ya mwezi kuandama watoto walikuwa wameshampa jina.

Mahari ikamshinda. Watu wa Kikombo hawakusubiri, na huwezi kuwalaumu. Ule mji wao tulipita baadaye na mizigo kichwani, nikamwona yule binti akitwanga kwa mtu mwingine. Nikaangalia pembeni.

Gari lenyewe lilioza Marenga. Vyuma vyake wakachukua wahunzi wakafua majembe. Kitanda nilikodi wapagazi wakakirudisha, na nimekilalia miaka yote hii. Watu husema mwenye hatia halali. Mimi nililala, Zaina, nilikoroma. Hatia yangu ilikuwa inanijia mchana, wakati yule mtu anapita barabarani na watoto wanamfuata wakiimba, "Pipa, pipa, umelisahau wapi?" Wewe ulikuwa kati yao. Sauti yako naijua kati ya sauti mia. Siku moja nilitoka kukukataza, nikafika mlangoni, nikawaza, nikimkataza ataniuliza kwa nini. Nikarudi ndani kuchochea moto.

Baba yako alipokuwa kitandani, kitandani humo humo, homa imemkausha, aliniambia, "Mwanaisha. Yule kijana alisahau kweli?" Nikamjibu, "Nyamaza, usijichoshe." Akanitazama kitambo, akageukia ukutani. Nadhani alijua. Alikufa akiwa amenisubiri niseme, na sikusema, kwa sababu kusema kungedai ng'ombe, na ng'ombe tulikuwa hatuna. Baadaye tulipokuwa nao, ilikuwa nimeshazoea kunyamaza. Hofu ya kwanza ilikuwa ya umaskini. Iliyofuata ilikuwa ya aibu tu, na hiyo ya pili ndiyo ndefu.

Sasa swali lako.

Gari linafaa. Nasema kwa moyo mweupe, ulikuwa na haki ulipombishia Salumu mpaka akakubali. Watu wanawacheka, wanasema gari la moshi limeshapita Morogoro, linakuja, nani atataka ng'ombe? Wewe ukawajibu kwamba gari la moshi halitaingia shambani kwa mtu kumchukulia mtama wake, lazima kiwepo cha kuutoa shambani mpaka kwenye reli. Nilikusikia nikajivuna, kisha nikaogopa, kwa sababu ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Tofauti ni kwamba wewe unasema kweli na mimi nilikuwa nataka kutazamwa.

Lakini ukiniuliza kama ni rahisi kwa watu kama sisi, nitakuambia bei uliyotoa siku ya kununua si bei yake. Gari letu lilikuwa la bei ya kutupa, na bei iliyobaki alilipa mtu mwingine. Alilipa maksai, na mke, na watoto ambao hawakuzaliwa, na jina lake. Sisi tulitoa punda. Mtu akikuambia, "Mbona gari limewatoka rahisi?" tafuta aliyelimalizia.

Leo asubuhi uliniona natoka na mitamba yangu miwili, ukauliza naipeleka wapi, nikakuambia malishoni. Niliipeleka njia ya Chunyo. Nilimkuta anachonga mpini wa jembe. Nikamwamkia, "Mbukwa," kwa lugha yake, akaitika bila kuinua macho. Nikamwambia yote, kwa sauti, nimesimama. Nikasema, "Nililishusha mimi. Nilikusingizia. Hawa ni wako, na si malipo, ni mwanzo tu."

Akapuliza unga wa mti kwenye mpini. Kisha akasema, "Sasa hii ni mahari ya nani? Yule wa Kikombo sasa anawaoza mabinti zake."

Nililia, naye hakunibembeleza, na alifanya vizuri. Akainuka akamshika mtamba mmoja sikio, akamtazama meno. Akasema, "Ng'ombe nawapokea. Hawana kosa."

Nikamwambia mnaondoka kesho. Nikamwambia mnavuka Marenga na kijana asiyejua kitu, na ng'ombe wa kwanza wa maisha yenu, na sina mwingine wa kumwomba. Nilipiga magoti, Zaina. Uzee huu na magoti haya.

Akasema, "Inuka, utachafua kanga." Halafu akasema, "Huyo mwanao ndiye aliyekuwa mgongoni?" Nikasema ndiye. Akatikisa kichwa, akarudia kuchonga. Nilipokuwa nageuka kuondoka akaniambia, "Alfajiri nitapita kwenu. Nitasimama nje ya ua, sitapiga hodi. Wewe usiniite. Jina lile ulilianzisha wewe, lakini wanaoniita ni watoto. Huyo mtoto akiniita Pipa, napita zangu. Akiniita kwa jina langu, nitaingia nifunge nira."

Kwa hiyo sasa iko mikononi mwako, na ninaona haya kukutwika. Ningeweza kukuambia uso kwa uso ukirudi jioni hii. Nimejaribu tangu asubuhi, kila nikifungua mdomo yanatoka maneno ya sufuria. Karatasi haina macho, ndiyo maana nimekimbilia kwake. Msomee Salumu, msomee na mkweo. Usinifichie. Wakiniangalia vibaya, waache waniangalie, nimekula vya kuangaliwa vizuri nisivyostahili.

Usifikiri yeye ni malaika, atawachosha. Atabishana na Salumu kila penye kilima, akipata pombe atawasimulia habari za ng'ombe waliokufa kabla hamjazaliwa, na atasimama kunywesha magurudumu wakati nyinyi mna haraka. Simameni. Akikataa kitu, kumbuka neno nililolisema mimi, "Gari la nani?" na ulimeze kabla halijatoka.

Jambo moja zaidi, ili usishtuke. Ukirudi utaona gari limepungua. Sasa hivi niliweka kalamu chini, nikamwita mzee wa nyumba ya pili na wanawe, wamekishusha kitanda. Kitabaki hapa, na mkipata nafasi siku za mbele mtakuja kukichukua, au mkichanje kuni, sitauliza. Mahali pake nimeweka lile pipa. Nililisugua adhuhuri, nikalijaza kwa mtungi mmoja mmoja kutoka kisimani, na mgongo unaniuma. Lilikuwa limekauka, likavuja mwanzo. Sasa mbao zimevimba, halitoi hata tone.

Vigelegele vimenyamaza, nadhani mnarudi. Ninakunja.

Kesho ukisikia mtu anakohoa nje ya ua, ndiye. Anaitwa Ndahani, mwana wa Malogo. Toka umwite kwa sauti, majirani wasikie.

Ni mimi mama yako, Mwanaisha binti Shomari, niliyelishusha pipa.